Chumba Namba Nne Nilimnyima Mwalimu Wangu, Na Mpaka Leo Ananishukuru

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, na la hoteli pia. Mimi ni mzee wa miaka themanini na mbili, nakaa huku Msambweni, na ninaandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Nimesoma visa vyenu vingi hapa, vya waume na vya wakwe, nikawa nahukumu watu kama kadhi. Leo zamu yangu imefika.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa kijana wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Mwafrika kusimama mapokezi wakati ule ulikuwa ukubwa, si mchezo. Shati jeupe, viatu vinang'aa, nikipita Ukunda natembea kama mtu aliyezaliwa na tai shingoni. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mgeni akiandika barua, maombi yake tuliyanakili kwenye kadi, na kadi ikatundikwa kwenye msumari wa chumba chake pamoja na ufunguo. Huyu ataka kitanda kigumu, yule hataki kelele za jikoni. Aliyehamisha kadi ndiye aliyeamua nani alale wapi.

Siku moja ikaja barua kutoka Kikoneni. Niliutambua mwandiko kabla sijafika kwenye jina. Ulikuwa wa Mwalimu, mtu aliyenifundisha kusoma. Mkewe, Bi Mwanasha, alikuwa mgonjwa, miguu imeisha nguvu. Mwalimu aliomba chumba cha chini, upande wa mbele, ili mkewe akae barazani aitazame bahari bila kupandishwa ngazi. Siku tatu tu. Meneja wetu, Mzungu, nilipomweleza kuwa ni mwalimu wangu, aliisoma barua akaandika kadi kwa mkono wake: namba nne. Akaniambia, "Hawa ni wageni wako, watunze."

Siku ya kufika kwao, mchana, meneja alikuwa amekwenda Mombasa. Kabla yao wakaingia Mzungu mmoja na mkewe, bila barua wala taarifa. Yule mama, huku akivua kofia, akasema mwaka uliopita walilala namba nne na walipapenda sana. Basi, hakusema lingine. Hakuomba chochote. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye msumari nikampa ufunguo, na kadi ya Mwalimu nikaihamishia namba kumi na saba, ghorofani, upande wa nyuma, juu ya jiko.

Ghorofani kulikuwa na vyumba viwili vya mbele vilivyo wazi. Wale wageni wangepanda tu, miguu walikuwa nayo. Hata Mwalimu ningeweza kumpa kimoja, mkewe angalau aione bahari dirishani. Sikumpa. Moyoni mwangu upande wa mbele ulikuwa wa Wazungu, na niliona aibu nisiyoijua hata leo ilitoka wapi. Bendera ilikuwa imeshabadilishwa, mimi bado.

Mwalimu alipofika nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, nimejionea ulipofika."

Hapo ndipo nilipotenda baya kuliko lile la kwanza. Nikamwinamia nikamwambia, "Mwalimu, Wazungu wamekataa. Walitaka mrudishwe. Nimewapigania hapa mpaka nikawapatieni cha juu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuweke. Kama si wewe ningerudi na mgonjwa wangu njia nzima."

Akachutama, akambeba mkewe mgongoni, akaanza kupanda. Kila baada ya vidato vichache alisimama akavuta pumzi. Bi Mwanasha akanigeukia kutoka begani kwa mumewe akasema, "Usihuzunike, mwanangu, wewe umefanya uwezalo." Mimi nikainamia daftari nikijifanya naandika.

Siku tatu Bi Mwanasha alikaa juu ya moshi wa samaki na vitunguu. Mhudumu aliyewapelekea chai aliniambia kwamba mama yule alimuuliza bahari iko upande gani. Meneja aliporudi akashangaa, "Mbona wako juu?" Nikamjibu, "Wametaka wenyewe, huku mbele upepo ni mkali kwa mgonjwa." Akaniamini, kwa nini asiniamini?

Bi Mwanasha alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina karibu miaka sitini. Mwalimu alisimama kwenye harusi yangu akakihadithia kisa cha mwanafunzi aliyewakabili Wazungu kwa ajili ya mwalimu wake. Kikoneni nzima wanakijua. Kila Idi huniletea mihogo na korosho, siku hizi kwa mkono wa wanawe, nami navila.

Sasa amepita miaka tisini na hainuki kitandani. Wiki iliyopita mwanawe alinipigia simu: "Ami, baba ameusia siku yake ikifika wewe ndiwe uwe wa kwanza kumtia udongo, kabla yetu sisi wanawe." Nilikata simu nikalia, mzee mzima.

Nilimuuliza imamu bila kutaja majina. Akasema haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe, niende nikaombe radhi angali hai. Nakubali. Lakini safari ile ndiyo ya mwisho aliyotoka na mkewe, na kitu pekee kizuri alichobaki nacho ni kwamba kulikuwa na mtu wake pale mlangoni. Nikimwambia, namvua hicho pia. Na marehemu, nani atanisamehe kwa niaba yake? Wakati mwingine najiuliza kama nataka kumtendea haki Mwalimu, au nataka tu mimi nipate usingizi.

Ijumaa hii baada ya sala ninangojwa Kikoneni. Akili yake ni nzima na masikio bado yanasikia. Najua atanishukuru tena, mbele ya wanawe. Msinionee huruma kwa sababu ya mvi. Nishaurini ndugu zangu: nimwache aende na shukurani isiyo haki yangu, au nimwambie kwamba siku ile hakuna Mzungu aliyemkataa, nilikuwa mimi?