Unga wa Msiba Wangu

Tulioamka nyumbani siku ile ni mimi, Eliza. Mdogo wangu Daudi. Kitinda mimba wetu Neema. Shangazi, dada wa marehemu baba. Na mbwa wetu aliyeitwa Zambia. Wengine wote walikuja mchana, wakiwa wamebeba unga.

Kinachonirudisha huko ni harufu. Msimu wa kahawa ukifika huku Mbozi, kila nyumba yenye mashine ya kumenyea huwa na shimo la maganda nyuma yake. Maganda yale yakikaa hutoa harufu ya uchachu wenye utamu ndani yake, kama pombe iliyosahauliwa mtungini. Wageni wakipita huziba pua. Mimi husimama kidogo, kisha naendelea na safari yangu.

Baba yetu alikuwa utingo wa malori, na ndiye aliyemleta Zambia akiwa kitoto, amefichwa ndani ya koti, kutoka ng'ambo ya mpaka pale Tunduma. Ndiyo sababu ya jina lake. Majirani walicheka kila walipomsikia Neema akipiga kelele uwanjani, "Zambia, toka kwenye uji wangu!" Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama akamfuata nikiwa darasa la sita, na tangu siku ile daftari zangu zikawa za kuwashia moto. Shamba la kahawa, wadogo wawili na mbwa mmoja, vyote vikawa vyangu. Shangazi alikuja kutusaidia wakati wa kuchuma tu, kisha alirudi kwake.

Nataka uelewe nilivyomwogopa mbwa yule, maana bila hilo hutaelewa mengine. Mama alipougua, Zambia alihama jikoni alikozoea kulala, akaja kulala kizingitini mwa chumba cha mama. Kumfukuza hakukusaidia. Ukimmwagia maji, alijikung'uta akarudi. Siku mama alipokata roho, mbwa yule alilia. Hakubweka, aliinua shingo akatoa sauti ndefu, nyembamba, iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Kwetu mbwa akilia vile penye nyumba ya mgonjwa, watu hawaulizi kitu. Wanawake hufunga vitenge, huchota unga, hubeba kuni, na huanza kuja huku wakilia.

Basi msimu uliofuata, nilipopata homa isiyosikia dawa ya dukani wala majani ya shangazi, nikafungua macho asubuhi moja nikamwona Zambia amelala kizingitini mwangu. Pua yake ilielekea kitandani. Macho yake hayakuniacha.

Nilijua amekuja kuningoja.

Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikilisema litakuwa kweli. Nilivuta blanketi mpaka machoni, lakini niliendelea kumsikia akihema, na kila alipopumua nilihisi anahesabu pumzi zangu. Kufa kwenyewe sikukujua vizuri. Nilichokijua ni kwamba mimi nikiondoka, Daudi na Neema watagawanywa. Baba mdogo, mdogo wake baba aliyekuwa na duka Tunduma, alikwisha kulisema hilo kwenye matanga ya mama: watoto hawawezi kukaa peke yao kama kuku. Shangazi aliposimama kunitetea, baba mdogo alijibu, "Haya, ngoja tuone. Huyu mkubwa akishindwa, nakuja kuwachukua."

Shangazi naye alimwogopa mbwa. Alimfunga kamba kwenye nguzo ya ghala la mahindi. Kabla ya jioni Zambia alikuwa kizingitini tena, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. "Huyu ana lake jambo," shangazi alisema, akatema mate pembeni.

Siku ninayoisimulia, shangazi na wadogo zangu walibeba kahawa mbivu kwenda kumenya kwa jirani wa mbali, kwa kuwa mashine yetu ilikuwa imekatika mkono, na kahawa iliyochumwa haingoji. Nilibaki na mbwa. Jua lilipopanda nikashikwa na haja, nikajikokota nje nikishika ukuta. Zambia alinifuata nyuma. Nilipofika kwenye migomba dunia iligeuka, miguu ikaisha, na nilipozinduka nilikuwa ndani ya shimo la maganda ya kahawa.

Palikuwa na joto mle ndani. Maganda yakioza hutoa joto, na mimi niliyekuwa nikitetemeka kwa homa nilizama humo kama mtu aliyetandikiwa. Nzi wadogo walijaa midomoni mwangu. Nilijaribu kuita, sauti haikuja. Juu yangu, pembeni mwa shimo, niliona kidevu cha Zambia. Aliinua shingo.

Alilia.

Nilitamani kuziba masikio, mikono haikunyanyuka. Alilia, akanyamaza, akanitazama, akalia tena. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha, na nikaanza kuwaza ni nani atakayemfundisha Neema kufunga viatu.

Haukupita muda nikasikia kilio kingine, cha binadamu. Alikuwa Mama Jenipha, jirani yetu wa upande wa mto. Nilimfahamu kwa sauti. "Eliza mwanangu! Umemfuata mama yako! Umetuachia nani sisi!" Nyuma yake zilikuja sauti nyingine, na kishindo cha kuni zikitupwa uwanjani. Wengi wenu hamtapata kusikia msiba wenu wenyewe. Mimi niliusikia wote. Walinisifu kwa mambo ambayo nikiwa mzima hakuna aliyewahi kunisifia, hata ufagiaji wangu wa uwanja.

Kisha wakaingia chumbani kunilaza vizuri, wakakuta kitanda kitupu.

"Wameshampeleka mochwari?" mmoja aliuliza.

"Na nani? Na mbwa?"

"Sasa sisi tunamlilia nani hapa?"

Zambia aliondoka ukingoni, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote, kwa sababu niligundua kwamba bila macho yake nilikuwa peke yangu kabisa. Nikasikia Mama Jenipha akifoka, "Niache kitenge changu, wewe! Ondoka! Jamani, mbwa huyu ananivua nguo kwenye msiba!" Sauti yake ilikuja ikiburutwa hatua kwa hatua mpaka uso wake ukatokea juu yangu, beseni la unga bado liko kichwani.

"Mungu wangu," alisema. "Maiti inapepesa macho."

Walinitoa kwa mikono. Kama wangekuja kunijulia hali tu, wangekuja mmoja mmoja, wengine kesho, wengine Jumapili baada ya ibada. Kwa kuwa walikuja kwenye msiba, walikuja wote kwa pamoja, na kijana mwenye bodaboda akiwamo. Wakanikalisha katikati yake na mwanamke aliyenishika kwa nyuma, tukashuka barabara ya vumbi kwenda hospitali ya misheni. Nilipogeuza shingo nilimwona Zambia akitukimbilia, ulimi nje, mdogo na mdogo zaidi.

Daktari alisema ni homa ya matumbo, na kwamba tumechelewa lakini tumewahi. Mambo ya nyumbani nilikuja kusimuliwa na Daudi. Baba mdogo alipigiwa simu kwamba nimekufa, akapanda gari Tunduma, na alipofika jioni ile alikuta msiba hauna maiti. Hata hivyo aliketi kwenye kigoda akagawa. Daudi aende dukani kwake. Neema apelekwe Mkwajuni kwa ndugu za mama. "Huyo Eliza akipona atapona nusu," alisema. "Nitarudi kahawa ikishakauka. Nikimkuta amelala, sitaki maneno."

Na unga? Wazee walisema kila mtu achukue wake, maana waliyekuja kumlilia yuko hai. Mama Jenipha alikataa. "Mimi sibebi tena unga wangu. Nikirudi nao njiani watasema nilikuja kumwombea afe, sasa nimekasirika amepona." Wengine nao wakaogopa hayo hayo, na unga wote ukabaki. Wadogo zangu waliula muda wote niliokuwa hospitali.

Zambia alikaa nje ya uzio wa hospitali. Mlinzi alimfukuza mpaka akachoka, mwishowe akawa anamtupia ukoko. Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, nywele zilikuwa zimekatika na miguu imekuwa kama ya mtoto wa ndama. Sikuweza kutoka kitandani mpaka mlangoni. Zambia alikuja akasimama kando ya kitanda, nami nikashika ngozi ya shingo yake nikainuka. Nikitikisika, alisimama. Nikipiga hatua, alipiga. Hivyo ndivyo tulivyofika mlangoni, siku nyingine uwanjani, siku nyingine kwenye kichanja tulichoanikia kahawa. Kila punje zilipozidi kukauka nilizidi kuogopa. Daudi alinong'ona, "Dada, nizimwagie maji?" Nilicheka kwa mara ya kwanza, halafu nikalia.

Baba mdogo alirudi asubuhi. Alinikuta nimesimama kwenye kichanja nikigeuza kahawa. Hakuona kwamba Zambia alikuwa amejibana nyuma ya magoti yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Naona umesimama."

"Nimesimama, baba."

Akakaa kwenye kigoda. "Niletee maji ya kunywa."

Kwetu mtoto wa kike hampi mkubwa maji akiwa wima. Hupiga magoti, husubiri anywe, hupokea kikombe, ndipo huinuka. Kwenda jikoni niliweza, na kurudi niliweza. Kupiga magoti ni rahisi, miguu yenyewe ilikuwa inatamani. Nikapiga magoti, nikijua sitaweza kuinuka. Neema alisimama mlangoni akishika mfuko wenye nguo zake. Baba mdogo alikunywa taratibu, macho yake juu ya ukingo wa kikombe, kisha akanirudishia.

Zambia alikuja akasimama ubavuni mwangu. Hakuniangalia, alimwangalia yeye. Niliweka kiganja mgongoni pake, nikauma meno, nikahisi mifupa yake ikikaza chini ya mkono wangu. Nikainuka. Maji yaliyobaki hayakumwagika.

"Mbwa wa kaka huyu bado mzima?" baba mdogo aliuliza.

"Mzima, baba."

Alimtazama kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Labda koti la ndugu yake. Akasimama, akamwambia Neema, "Rudisha mfuko ndani," akaenda zake.

Zambia aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Leo nina watoto wangu. Mwanangu wa kwanza alipougua kifua nilijikuta nimelala sakafuni kizingitini mwake, nikisikiliza anavyopumua, na ndipo nilipoelewa. Mbwa yule hakuwa akimngoja mama afe, wala mimi. Alikuwa akisikiliza kama bado tupo. Na siku mama alipozidiwa, sisi tukiwa shambani, ile sauti ndefu haikuwa ya kumlilia. Alikuwa akituita.

Ule unga nimekuwa nikiurudisha. Jirani akifiwa, au akifa mwenyewe, nachota beseni limejaa, nafunga kitenge, naenda. Karibu wote nimekwisha kuwalipa. Amebaki Mama Jenipha. Ni mzee sana sasa, macho yamefifia, na kila asubuhi nikitoka kufagia husikia kikohozi chake ng'ambo ya migomba, nami namshukuru Mungu kwamba bado ananidai.