Nani wa Kumwambia Mwalimu

Harufu ya utoto wangu ni ya jezi mbichi. Watu wakiulizwa Pemba inanukia nini hukimbilia karafuu, nami siwalaumu, lakini pua yangu mimi ilikulia chini ya kamba ya nguo nyuma ya nyumba yetu pale Konde. Kila baada ya mechi zilianikwa hapo jezi za timu nzima, za kijani, zikichuruzika maji ya sabuni na tope jekundu ambalo halikukubali kutoka hata lifikichwe vipi. Jasho la wanaume wazima, sabuni ya kipande na udongo wa uwanjani, vyote kwa pamoja, na juani vikazidi. Aliyezifua ni mama. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemshukuru. Ilijulikana tu kwamba kocha akitoka uwanjani na mfuko wa jezi begani, mfuko ule unakwenda kwa mkewe, na kocha alikuwa baba yangu.

Timu yenyewe iliitwa Tusizozane. Aliyeipa jina hilo sijui alikuwa akiota nini, maana sijapata kuona viumbe wanaozozana kama washabiki wake. Walianza wakishasali alasiri, wakaendelea mpaka mwadhini awanyamazishe kwa adhana ya magharibi, na mahali pao pa kuzozania palikuwa barazani kwetu. Baraza ile ilikuwa pana, ina kivuli, nayo ilitazama pale zinapopakia gari za Wete, kwa hiyo mtu aliweza kubisha mambo ya mpira huku akiona nani kasafiri na nani karudi. Kahawa ilikuwa ya kwetu. Vikombe vilikuwa vya kwetu. Makelele yalikuwa yao, lakini walioyasikia mpaka kichwa kikawauma tulikuwa sisi wa ndani.

Baba aliitwa Mwalimu Khatibu, na ualimu huo haukuwa wa mpira. Kabla hajashika filimbi alikuwa mwalimu wa chuo, na nusu ya wale wanaume wa barazani walisomeshwa Kurani na yeye, wakiwa watoto wa kukaa mkekani na kamasi puani. Bakora yake waliijua. Faki, mwenyekiti wa klabu, mtu mzima mwenye duka na watoto wake, alifundishwa alifu na baba yangu, na siku alipooa, aliyesoma hotuba ya ndoa yake ni huyo huyo baba yangu. Haya nayataja kwa sababu ndiyo yaliyotutesa msimu mzima.

Msimu wenyewe ni ule niliokuwa darasa la tano, karafuu zikazaa mpaka matawi yakainama. Pemba karafuu zikizaa, hakuna anayebaki chini. Mabeki wetu wote wawili wa kutegemewa walikuwa juu ya mikarafuu tangu asubuhi, na jioni walikuja uwanjani wameshachoka, miguu inawatetemeka. Kipa alikuja mikono imechubuka, mpira ukimfikia anaupisha kama mgeni wa heshima. Tukafungwa. Tukafungwa tena. Tukafungwa na timu kutoka Wingwi ambayo siku hiyo ilikuja pungufu, mmoja wao kaenda kumtafuta ng'ombe aliyepotea! Na Mzee Hamadi, mwenye mikarafuu, aliyewaajiri mabeki wale kwa mdomo wake mwenyewe, alikaa barazani kwetu na kikombe cha kahawa yetu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akauliza ni kwa nini beki zinavuja. Mimi nilikuwa mlangoni nikamsikia. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Hapo ndipo yalipoanza maneno ya kocha mpya. Angekuwa mtu mwingine wangemwita ofisini wakamwambia, ndugu, ahsante, tumefika mwisho. Lakini huyu ni Mwalimu. Nani amwambie? Faki alimwonea muhali, na Pemba mtu akishaonewa muhali, basi tena, ataachwa anywe sumu ilimradi asiambiwe jambo la kumuudhi usoni. Kwa hiyo hawakumwambia. Wakakaa barazani kwake, yeye mwenyewe kaketi katikati yao na kofia yake ya viua, wakaanza kujadili nani atakuwa kocha ajaye, kama vile kocha aliyepo ni mtu fulani wa mbali ambaye hata hawamfahamu. Wakifika walimwamkia kwa adabu zote, shikamoo Mwalimu, umeshindaje Mwalimu, watoto hawajambo Mwalimu. Adabu ikiisha, wakakaa kumzika.

Aliyeongoza maziko alikuwa Sudi. Watu walimwita Sudi Redio kwa kuwa redio yake ndogo haikutoka sikioni, na habari asizozisikia humo alizitunga. Siku moja alikuja mbio, hata salamu hakumaliza, akaapa wallahi kwamba kuna Mzungu kashuka Chake Chake, mrefu, kavaa kaptula, kamba imemning'inia shingoni, na mwisho wa kamba ile lazima ni filimbi. Kocha huyo, kaja kwetu! Siku zilizofuata hapakuzungumzwa kingine. Faki akaanza kuuliza ni nani anajua Kiingereza. Mzee Hamadi akaahidi chumba cha kumlaza. Ikaja kujulikana kwamba Mzungu wa watu kaja kutazama popo, na iliyoning'inia shingoni ni darubini. Sudi hakutahayari hata kidogo, akasema basi huyu ni wa popo, lakini wa pili yuko njiani.

Ningeweza kuwasamehe hao. Niliyeshindwa kumwelewa ni baba. Badala ya kukasirika, badala ya kunyanyuka akaingia ndani akawafungia mlango, baba yangu alikaa akabishana nao! Akitajwa wa Unguja, anasema huyo hapana, anapenda kushambulia, hajui kulinda. Akitajwa wa Mkoani, anasema huyo mkali mno, vijana watamkimbia. Habari ya Mzungu ilipokuja aliipima kwa utulivu kabisa.

"Mzungu hatouweza uwanja wetu," alisema. "Kwenye kona ya kusini mna shimo. Nimewaambieni miaka mingapi lile shimo lifukiwe?"

"Kweli, Mwalimu," wakaitikia wote. "Kocha mpya akija tutalifukia."

Nilitaka kulia. Skuli wenzangu walikuwa wakiniuliza, baba yako kafukuzwa? Ningesema ndiyo ningekuwa mwongo, kwa kuwa bado alikwenda mazoezini na mipira yake kwenye neti. Ningesema hapana wangenicheka, kwa kuwa baba zao walikuwa wakirudi majumbani na majina ya makocha wapya. Kufukuzwa ni kitu kimoja, mtu analia yanakwisha. Huku kukaa katikati, baba yako leo ni kocha na kesho anatafutiwa mrithi, kulinichosha mimi mtoto, sembuse mama. Mama alikuwa akifikicha jezi huku akisema peke yake, "Wamwambie. Waseme tu, mume wangu apumzike. Mwanamume mzima kufanywa hivi, hata haya hawana."

Siku moja ya Ijumaa baraza ilikuwa imejaa. Mama alikuwa uani na beseni, mimi nikimsaidia kusuuza, na sauti zilitufikia kama watu wamekaa jikoni kwetu. Lilikuwa limeibuka jina jipya, la mtu wa Kojani, anayefundisha vijana wa wavuvi kule kisiwani kwao. Wakalisifu jina lile mpaka likang'aa. Kisha Faki, kwa sauti ya mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, akamgeukia baba.

"Mwalimu, wewe waonaje? Tumchukue huyu?"

Mama aliacha kufikicha. Nilimwona akisimama na mikono imejaa povu, akachukua mfuko, akazitia jezi zote humo, mbichi vile vile hazijasuuzwa. Akajifunga kanga kichwani, akaubeba mfuko ule unaovuja, akapita ukumbini na kuacha mto wa maji nyuma yake, akatokea mlango wa mbele. Wanaume wakavuta miguu kumpisha. Mama si mtu wa kutoka mbele ya wanaume. Akautua mfuko miguuni pa Faki, puu! Maji yakatambaa chini ya kanzu yake ya Ijumaa.

"Huyo wa Kojani akija," alisema, "mwambieni aje na mke wa kufua. Na huyu mume wangu, kama hamumtaki, mwambieni. Mwambieni leo hapa hapa, nami nasikia."

Faki aliinua kichwa, akafungua mdomo, akasema, "Mwalimu..." Akakwama hapo hapo. Akajaribu tena, "Mwalimu..." Mtu mzima, mwenye duka, jasho linamtoka. Mzee Hamadi alitazama gari za Wete. Sudi aliongeza sauti ya redio kisha akaipunguza. Hakuna aliyesema. Kwa kweli hakuna aliyepata kusema, si siku ile wala baadaye. Aliyewaokoa ni baba. Aliuvuta ule mfuko kutoka kwenye kanzu ya Faki, akasema taratibu, "Basi, Faki. Nimefahamu." Akavua filimbi shingoni, akaitia juu ya jezi.

Nilidhani sasa ataingia ndani. Thubutu! Alijiweka sawa, akakipanga kikombe chake vizuri, akasema, "Lakini huyo wa Kojani, bahari ikichafuka atavukaje kuja mazoezini? Hilo mmeliwaza?" Wakashusha pumzi wote, wakamrukia, mjadala ukawaka upya, naye humo humo anabisha kuliko wote. Mama alisimama mlangoni akimtazama, kisha akasema "Loh!" moja tu, akarudi uani kumwaga maji ya beseni.

Yule wa Kojani alikuja. Hakukaa sana, akaanza na yeye kuonewa muhali, na baba akawa mjumbe kamili wa baraza la kumtafutia mrithi. Nikakua na kinyongo hicho. Niliamini kwamba baba yangu hana moyo wa kuumia, kwamba aliwapenda wale wazozani kuliko alivyojiheshimu, na kila nilipokumbuka filimbi ile juu ya jezi mbichi nilimkasirikia yeye zaidi ya nilivyomkasirikia Faki.

Sasa nakaa Wete, ninasomesha, na siku za mapumziko ninapanda gari kwenda Konde kuwaona wazazi. Baraza yetu ipo, imetiwa saruji mpya, lakini haina mtu. Paka ndio wanaolala hapo. Mzozo umehamia kwenye simu, kwenye kundi la washabiki, na zamani angalau adhana iliwanyamazisha, siku hizi wanasali wakarudi kuandika. Sudi hana tena haja ya kuja mbio, anatuma sauti yake ndefu kama hotuba. Mimi nimejitoa mara kadhaa nikarudi, kwa sababu baba macho yake yameingia ukungu na hawezi kusoma, na nikifika neno lake la kwanza baada ya salamu ni, "Wamesema nini?" Kocha wa sasa ni kijana anayeitwa Kombo. Timu imefungwa mfululizo. Kundi zima linauliza nani kocha ajaye, na Kombo mwenyewe yumo humo humo, anasoma kila kitu! Wakishamaliza kumtafutia mrithi, mtu anamsalimu, Kombo waambaje, naye anaweka dole gumba. Mungu anisamehe, nilitamani kuitupa simu kisimani. Miaka yote ile, simu, umeme, skuli mpya, na bado hakuna wa kusema neno moja kwa mtu mmoja.

Mara ya mwisho nilipokwenda nilimsomea jioni, yeye kitandani, mama mlangoni akichambua mchele. Mmoja katika vijana alikuwa ameandika kwamba heri angerudishwa Mwalimu Khatibu, tangu yeye hatujapata kocha. Nilidhani atafurahi. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Mwandikie huyo hapana," alisema. "Beki zake zilikuwa zikivuja."

Nikamwandikia. Kisha akauliza, "Na Kombo ayaona haya?"

"Ayaona, baba."

"Kuna aliyemwambia?"

"Hakuna."

Akanyoosha mkono. "Nipigie huyo kijana."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikamshikia simu. Alimsalimu vizuri, akamuuliza mkewe na wanawe, kisha akamwambia, "Kombo mwanangu, mie Mwalimu Khatibu. Wenzio wamekuchoka, wanatafuta mwengine. Nakwambia mie kwa sababu wao hawatokwambia. Usikae ukangoja kuambiwa. Mie nilingoja msimu mzima, kila siku nikijiambia leo watasema. Kungoja kule kuliniuma kuliko kufungwa."

Kombo akasema, "Ahsante, Mwalimu. Nilikuwa sijui nimwambie nini mke wangu."

Mama alikuwa ameacha kuchambua mchele. Alinitazama, nami nikamtazama, kwa sababu sote wawili tuliishi naye nyumba moja tukidhani hakuumia. Baba akausogeza pembeni mkono wangu ulioshika simu, akajivuta akaegemea mto.

"Haya, soma," alisema. "Wamemtaja nani?"

Nilitaka kumgombeza. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Lakini mama aliinuka na ungo wake, akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, karibu na miguu yake.

"Msomee," mama akasema. "Mwenziwe keshaambiwa. Sasa msomee."