Kiraka cha Kilomita ya Kumi na Nne

Siku Fundi wa baiskeli alipomwona mwanamke yule kwa mara ya kwanza, aliona mikono kabla ya uso. Ndivyo alivyoumbwa. Umri wake ulishavuka hamsini, lakini akizungumza na mteja macho yake yalikuwa kwenye gurudumu. Mikono ile ilishika usukani wa baiskeli ya zamani ya mashindano, rimu zote mbili zimepinda. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe, ngozi imepasukapasuka, kucha zimelika. Ilikuja na harufu kali ya dawa ya bwawa la kuogelea.

"Kaka, huyu ni mgonjwa au ni maiti?" sauti ya mwanamke ikauliza.

Fundi akainama, akalizungusha gurudumu la mbele, akalisikiliza. "Mgonjwa," akasema.

"Basi mtibu. Nina miezi mitano tu."

Jirani yake, fundi viatu, ambaye waligawana kibaraza kimoja na bati moja la paa, akainua kichwa kutoka kwenye soli aliyokuwa akiishona. "Dada, una bahati. Hilo ni neno lake la kwanza tangu Jumatatu."

Mwanamke akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kirefu, kikavu, hadi akashika nguzo ya kibaraza na kusubiri kimwachie. Hapo ndipo Fundi alipouinua uso na kumtazama. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, macho mekundu kama ya mtu aliyepulizwa moshi.

Watu walimwita Bi Dawa, naye hakununa. Alikuwa msafishaji wa bwawa la mji kwa miaka kumi na sita. Alisugua vigae, alizibua mifereji, na kila asubuhi kabla ya watu kufika alijifungia kwenye stoo isiyo na dirisha kuchanganya klorini kwenye ndoo. Barakoa alipewa moja, mwaka alioanza kazi. Daktari alimpiga picha ya kifua akamwambia neno moja tu la maana: atoke kwenye ile stoo. Atoke aende wapi, hilo daktari hakulisema. Alikuwa na binti mmoja aliyekuwa chuoni akisomea ushonaji, na hakuwa na mtu mwingine wa kuegemea.

Kuogelea alijifunza mwenyewe, alfajiri, kabla milango haijafunguliwa. Pale bwawani palikuwa na nafasi moja ya mwokoaji, yule anayekaa kwenye kiti kirefu na filimbi shingoni, juani, kwenye hewa safi. Meneja alimwambia nafasi hiyo haitolewi kwa msafishaji hivihivi. Atafute karatasi. Na karatasi iliyokuwepo ni cheti cha mashindano ya michezo mitatu ambayo mji ungeandaa mwaka ule: kuogelea mita mia saba na hamsini, kuendesha baiskeli kilomita ishirini, kukimbia kilomita tano, vyote mfululizo, ndani ya saa mbili.

"Cheti kikisema umemaliza, nitaliandika jina lako," meneja alimwambia. "Kisiposema, rudi kwenye ndoo zako. Na fanya mwaka huu, maana mwisho wa umri wa kuajiriwa mwokoaji ni arobaini na nne."

Alikuwa na arobaini na nne. Baiskeli ile aliiokota kwenye chumba cha vitu vilivyosahauliwa na wenyewe.

Fundi aliitibu. Alinyoosha rimu, akabadilisha spoki, akatafuta cheni kwenye baiskeli tatu zilizokufa. Kazi ya siku nne aliifanya kwa wiki tatu, na fundi viatu hakuwa mtu wa kulifumbia macho jambo kama hilo.

"Naona mgonjwa amelazwa muda mrefu," alisema. "Daktari kapenda wodi."

Fundi akainamia spoki.

"Na kola siku hizi inang'aa. Sabuni imeshuka bei?"

"Fanya kazi yako, bwana."

"Eh! Maneno manne! Nitawaandikia watu wa magazeti."

Baiskeli ilipopona, Bi Dawa alianza kupita pale kila akitoka kazini. Aliendesha hadi kiwanda cha matofali na kurudi, kisha akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akikohoa na kusema. Yeye alisema, Fundi akasikiliza. Alimweleza kuhusu meneja, kuhusu wanaokojoa majini na kudhani hawaonekani, kuhusu binti yake aliyemshonea nguo ya mashindano ikabana kiasi kwamba akiinama anaomba Mungu. Fundi, ambaye hakuwahi kuoa kwa sababu hakuwahi kuweza kuanza maneno, alijikuta siku moja akimwambia kwamba waya wa gia unataka mafuta kidogo tu, si mengi. Alilisema hilo kwa upole mwingi. Bi Dawa alimwelewa, au labda hakumwelewa, alisema tu, "Asante, kaka yangu."

Karatasi ya sheria za mashindano aliileta siku moja akawasomea. Kofia ngumu ifungwe kabla ya kugusa baiskeli. Namba ionekane. Kisha akainua kidole: "Na hii ndiyo kubwa. Hakuna kupokea msaada wa mtu. Tairi likitoboka, unaziba mwenyewe. Akikushikia mtu hata pampu, umetolewa."

"Hata mume wako?" fundi viatu akauliza.

"Ningekuwa naye, ningekimbia kwa ajili ya kumkimbia."

Basi Fundi akamfundisha. Alimpa vile vyuma viwili vya kubandulia tairi, akamwonyesha pa kuanzia na pa kumalizia. Tatizo lilikuwa vidole. Mpira wa tairi jembamba ni mkaidi, na vidole vilivyoliwa na dawa havina nguvu ya kubana. Mara nyingine vilichuruzika damu. Alirudia na kurudia, huku fundi viatu ameshika simu akipima muda.

"Dakika ishirini na mbili! Kwa muda huo mimi nimeshamzika mtu nikarudi."

Wiki ya mwisho alifikisha dakika kumi. Hazikupungua tena, lakini hazikuzidi.

Siku mbili kabla ya mashindano, tairi la nyuma lilichomwa na waya. Bi Dawa alikuja na tyubu mpya mkononi. "Si tuweke hii kabisa?"

Fundi akaitoa tyubu ya zamani, akalitazama tundu. Lilikuwa dogo kama tundu la sindano. Sasa hapa lazima lisemwe jambo moja kumhusu. Tangu alipomaliza darasa la saba na kukabidhiwa msasa na gundi, alikuwa na fahari moja tu maishani: kiraka chake. Kiraka chake kikibanduka, yeye alikifuata kilipo. Aliwahi kutembea nusu siku na pampu begani kumfuata mteja aliyekwama, akaziba upya, akarudi kwa miguu. Hilo hakuliita msaada. Aliliita kumaliza kazi.

"Hiyo mpya iweke akiba, kwenye kifuko cha chini ya kiti," alisema. "Kiraka changu hakitoki."

Asubuhi ya mashindano alifika mapema, akajaza upepo matairi yote mawili hadi yakawa magumu kama mawe, kama alivyozoea kuwafanyia wanaokwenda mbali. Saa moja baiskeli zilipangwa kwenye vyuma, na waandaaji wakawatoa watu wote eneo lile. Wanawake wa umri wa Bi Dawa waliwekwa kundi la mwisho. Baiskeli ikasimama juani kwa saa tatu. Upepo ndani ya tyubu ukapata joto, ukavimba, ukaanza kukisukuma kiraka taratibu kutoka chini. Fundi hakulijua hilo. Alikuwa ameshakwenda zake barabarani, karibu na kiwanda cha matofali, na begi lake la kazi begani. Kwa nini alilibeba, alijiuliza baadaye mara nyingi. Hakuwahi kutoka bila hilo begi, basi.

Bi Dawa aliogelea vizuri. Watu waliokuwa bwawani walisema alitoka majini wa sita katika kundi lake, na wale waliozoea kumwona na fagio walisimama kumpigia makofi. Mzunguko wa kwanza wa baiskeli alipita mbele ya Fundi ameinama, mdomo wazi, akamwinulia kidole gumba. Mzunguko wa pili, kwenye kilomita ya kumi na nne, hatua thelathini hivi kutoka aliposimama Fundi, tairi la nyuma lilitoa mlio wa kupumua, na baiskeli ikaanza kuyumba.

Alishuka. Akaipindua miguu juu. Fundi alikuwa ameshaanza kukimbia.

"Simama hapo hapo!" Bi Dawa akapiga kelele bila kugeuka. "Nina kila kitu. Usiguse!"

Fundi akasimama. Alikuwa karibu kiasi cha kunusa gundi yake mwenyewe. Kiraka kilikuwa kimebanduka upande mmoja, safi, kama bahasha iliyofunguliwa. Bi Dawa akatoa tyubu mpya, akatoa vyuma, akachomeka cha kwanza. Kikateleza. Akakohoa. Akachomeka tena. Wanawake wawili wakampita, kisha mwingine mzee kuliko yeye. Mikono ilianza kutetemeka, na damu ikajitokeza kwenye kidole cha shahada.

Kama tairi lingekuwa limechomwa na msumari, labda Fundi angesimama hadi mwisho. Lakini hakukuwa na msumari. Kulikuwa na kiraka chake.

"Ni kazi yangu hii," akasema, na akapiga magoti.

"Kaka, hapana."

"Si msaada. Ni kazi yangu."

"Hapana! Toka! Utaniua!" Akamsukuma kwa kiwiko. Lakini vidole vya Fundi vilikuwa vimeshalibandua tairi, tyubu imeshaingia, na vidole vile havikujua kusimama katikati ya kazi. Dakika nne, magurudumu yakawa chini. Alipoinua kichwa, pikipiki ya msimamizi ilikuwa imeegeshwa pembeni. Msimamizi, kijana mwenye adabu, alikuwa akiandika namba kwenye daftari.

"Samahani, mama," alisema. "Nimeona."

Bi Dawa akashika usukani. Akapanda, akaondoka. Alimaliza kilomita zilizobaki, akaitundika baiskeli, akakimbia zile tano huku mkono mmoja ameubana ubavuni, akavuka mstari zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Waliokuwa pale walimshangilia. Orodha ilipobandikwa ukutani, mbele ya namba yake hapakuwa na muda. Palikuwa na neno moja: Ametolewa.

Fundi, ambaye kwenda ofisi ya mtu kwake kulikuwa sawa na kwenda kung'olewa jino, alikwenda kwa meneja Jumatatu. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Kosa ni langu," alisema. "Si lake."

Meneja alimtazama. "Najua. Kila mtu anajua. Kwa hiyo?"

Fundi alivaa kofia, akatoka. Nje, alipita mbele ya stoo. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu, na ndani alisikia mti ukikoroga ndoo, na kikohozi.

Bi Dawa hakuacha kupita kibarazani, ila si kila siku. Aliketi palepale, akaongea na fundi viatu zaidi kuliko zamani. Fundi alipojaribu, "Dada, siku ile...", alimkata hapo hapo: "Yameshapita, kaka." Alijaribu tena baada ya mwezi. "Yameshapita." Fundi viatu, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, hakulitania jambo lile hata mara moja, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi kuliko utani wowote.

Kichwani alipiga hesabu ileile akinyoosha spoki, akila, akioga. Yeye alitumia dakika nne. Bi Dawa peke yake angetumia kumi. Angefika zikiwa zimebaki tano. Aliipiga upya akitafuta mahali ilipokosewa, hakupaona.

Mwaka uliofuata kifua kilimwangusha Bi Dawa kwenye ngazi za bwawa, na hakurudi kazini. Alikufa siku ya Alhamisi, hospitali, kitanda cha karibu na mlango. Habari aliileta binti yake, aliyesimama kibarazani na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akasema tu, "Mjomba, mama ametuacha." Fundi alikuwa ameshika gurudumu. Aliliweka chini polepole, kama kwamba lingevunjika.

Fundi alikuwa amemwona Bi Dawa Jumapili iliyotangulia. Fundi viatu ndiye aliyemsukuma aende; alifunga kazi mapema, akamshika mkono mpaka getini, akasema, "Ingia. Leo usiniletee ububu wako."

Wodi ilinuka dawa, lakini si ile ya bwawa. Bi Dawa alikuwa ameegemezwa mito mitatu, mpira wa hewa puani. Mabega yalikuwa yamekwisha. Binti alimpisha Fundi kiti akatoka kuchota maji. Fundi aliitazama mikono iliyokuwa juu ya shuka.

"Dada, siku ile," alianza, na akangoja akatwe.

Safari hii hakukatwa.

"Niliona mikono yako inatetemeka," akasema. "Nikashindwa kusimama."

Bi Dawa naye akaitazama mikono yake, kama mtu anayeangalia vyombo vya kazi ya zamani. Ilimchukua muda kukusanya pumzi.

"Ilitetemeka, kweli," alisema. "Lakini ningemaliza, kaka. Ungeniacha, ningemaliza."