Injini ya Mashua Tuliyoisugua kwa Mchanga

Enzi zetu, msichana alijulikana kwa sufuria zake. Wenzangu mliokulia kwenye mashamba ya Wazungu huku Uasin Gishu mnanielewa. Ukifika miaka minane unabebeshwa rundo la sufuria zenye masizi, unateremka mtoni na majivu kwenye kopo, unachota mchanga laini, unachukua gunzi la mahindi, unasugua mpaka uone meno yako kwenye kitako cha sufuria. Mama yangu alikuwa na macho ya askari. Anageuza sufuria juani, anakuuliza, "Rebeka, hii umeosha ama umeipitisha tu kwa maji? Rudi." Unarudi, na baridi ile ya Julai, na vidole vimekufa ganzi. Leo wajukuu wangu wana sabuni ya chupa, maji yanatoka moto ukutani, na bado wanaacha ugali umeganda kwenye sufuria siku mbili ati "inaloweka." Inaloweka mpaka lini, jamani?

Shamba letu lilikuwa upande wa kuelekea Moiben, mwendo wa nusu siku kwa gari la ng'ombe kutoka mjini Eldoret, uliojulikana kama Sikisti-Foo, nasi tukauita Sisibo. Wazazi wangu walitoka Maragoli kutafuta kazi, wakatupata mimi na kaka yangu Shadraki hapo hapo shambani. Utoto wetu ulikuwa na utamu wake. Kila asubuhi tulipanga foleni na vikopo kungojea maziwa yaliyobaki baada ya krimu kutolewa, maziwa mepesi kama maji lakini yakiwa ya moto na kiporo cha ugali, wee! Tulicheza mawe matano mpaka mikono ikaota sugu, tukakimbiza ringi za mapipa kwa kijiti, na shule ya kanisa tukaenda miguu mitupu juu ya barafu ya alfajiri iliyokuwa inalia kracha kracha kwenye nyasi. Majirani zetu Wanandi walitupa mursik, maziwa yao ya mgando, sisi tukawapa mboga yetu ya mrenda, wakautazama ule utelezi wake, wakacheka, wakala.

Baba yangu, Zakayo, alikuwa mtu wa ng'ombe wa kulima. Kazi yake ni kutembea nyuma ya jembe la ng'ombe kumi na sita kutoka kuchomoza jua hadi mchana, mtaro baada ya mtaro, na ardhi ya huku mnaijua, haina mwisho. Shida ilikuwa goti. Alikuwa amerudi nalo bovu kutoka vitani Burma, alikokuwa akiendesha na kutengeneza malori ya jeshi. Jioni akifika nyumbani, goti limevimba kama boga, Mama analikanda kwa maji moto, na Baba anauma meno asipige kelele mbele yetu. Nilikuwa mtoto lakini niliogopa. Nilijua mtu akishindwa kutembea shambani kwa Mzungu, anaambiwa arudi kwao.

Sasa yule Mzungu wetu, tuliyemwita Bwana Mashua, alikuwa na mashua yake ya tanga huko Kisumu. Alikuwa akiteremka kwa gari la moshi kwenda kuelea ziwani na kurudi amechomeka pua nyekundu kama nyanya. Mashua hiyo ilikuwa na injini ndogo ya kuisukuma upepo ukigoma. Mwisho mbao zikaoza, akaiacha huko, akaleta injini peke yake kwa gari la moshi hadi stesheni ya Sisibo. Aliposhusha lile dude shambani, tulilizunguka shamba zima. Ziwa hatukuwa tumeliona hata siku moja. Shadraki aliapa kwamba linaogelea lenyewe, tukampiga makofi ya kichwa.

Bwana Mashua alitaka injini ile izungushe mashine ya kusaga mahindi. Alimwita Baba mbele ya watu wote, akasema kwa Kiswahili chake cha Kizungu, "Zakayo, wewe natengeneza hii ingini kabla ya mavuno. Kama nasaga, wewe nakaa hapa fundi ya mashine. Hapana tena ng'ombe. Kama nashindwa, mimi naleta fundi ya Sisibo." Baba alisema, "Ndio Bwana," kwa sauti ndogo. Lakini usiku ule alikula ugali mara mbili, na Mama akaimba huku akiosha vyombo. Fundi wa mashine anakaa kwenye kiti! Tulirudia neno hilo tukalala nalo.

Injini ilifunguliwa chini ya banda la magari ya ng'ombe. Ndani yake, ala! Kulikuwa na matope makavu, magugu ya ziwani, vigamba vya konokono, na kwenye bomba la maji samaki mdogo aliyekauka akiwa mzima, na macho yake. Mama alimtazama akasema huyo angefaa kwa mboga kama angekuwa na wenzake. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu, Baba akailoweka kwa mafuta taa wiki nzima, kila siku anaigonga kwa kipande cha mti, taratibu, akisema, "Chuma ni kama ng'ombe mkaidi, ukimpiga sana analala." Kila kilichotoka kilipangwa juu ya gunia kwa mstari, kama kilivyotoka, na ole wako uruke lile gunia. Mkono wangu ndio uliotosha kuingia mle ndani, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwangua matope kwenye vichochoro vyote. Baba alikata ngozi ya buti lake la jeshi akatengeneza vizibo vya maungio. Kwa kuwa injini ilizoea kupozwa na maji ya ziwa, alipandisha mapipa mawili juu ya jukwaa la magogo ili maji yateremke kwa bomba. Watu wazima walikuja kuangalia na kutikisa vichwa.

Mahindi yalikuwa yamekauka shambani na Bwana alikuwa akiuliza kila siku. Zilibaki beringi tu, vipande vinne vya shaba vinavyokumbatia mhimili unaozunguka, vyenye vitundu vya kupitisha oili. Mchana huo Baba akaitwa mbio, fahali amezama kwenye matope ya bwawa. Akaondoka akichechemea, akageuka akaniambia, "Rebeka, osha hivyo vipande ving'ae. Nikirudi nafunga."

Niliangalia mafuta taa kwenye debe. Yalikuwa yamebaki kidogo sana, ya kutosha koroboi yetu siku chache tu. Nikafikiri, huyu mtoto mwerevu mimi, kwamba ni hasara kumwaga mafuta wakati mto upo. Nikabeba zile shaba kwenye karai, nikamchukua Shadraki, tukateremka. Majivu, mchanga laini, gunzi la mahindi. Nilisugua vile ambavyo sijawahi kusugua sufuria yoyote maishani. Ziling'aa kama pete za harusi! Nilitamani Mama azigeuze juani.

Baba alirudi jioni, manyunyu yamemlowesha, matope hadi kiunoni. Alizitazama kwa mwanga wa koroboi, akacheka, akasema, "Hii ni mikono ya mama yako." Akazipangusa kwa kitambaa, akatia oili, akafunga. Sifa ile niliilalia kama blanketi.

Asubuhi walikusanyika wote. Baba akafunga kamba kwenye gurudumu, akavuta mara moja, kimya. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikashika, puku-puku-puku-puku, moshi wa buluu ukajaa banda, mkanda ukazunguka, na unga ukaanza kumwagika mweupe kwenye gunia. Mama alipiga kigelegele hadi ng'ombe wakageuka. Bwana Mashua alimpiga Baba begani. Baba alikuwa amesimama pale kama mtu aliyevaa suti, na sijawahi kumwona hivyo tena.

Gunia la pili halikujaa. Injini ilianza kulia, kwanza kama mbwa mdogo, halafu kilio cha kuvunja masikio, harufu ya kuungua ikatoka, ikasimama. Baba akafungua palepale. Shaba zilikuwa zimeliwa, na mhimili umechanika mistari mistari. Akaingiza unyasi kwenye kitundu cha oili, akautoa, akausugua kati ya vidole viwili. Mchanga.

Bwana Mashua naye aliuona. Uso ulibadilika rangi. "Nani nafanya hii?"

Baba alinitazama mara moja tu. Mimi mkojo unanitoka. Halafu akageuka.

"Ni mimi, Bwana."

"Wewe? Wewe naweka mchanga kwa ingini?"

"Ndio Bwana. Nilikosea kuosha."

Watu walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Fundi Kalasinga akaletwa kutoka Sisibo, akatengeneza beringi mpya, na mwanawe akabaki kuwa fundi wa mashine. Keshokutwa yake, giza halijatoka, nilimsikia Baba akifunga goti kwa kitambaa na kwenda kwa ng'ombe. Alitembea nyuma yao miaka kumi na mmoja. Mimi ndiye niliyetumwa kusaga mahindi kwenye ile mashine, na kila nikiisikia puku-puku nilitaka ardhi inimeze.

Hakunichapa. Hata Mama hakumwambia, na wote mnajua wazazi wetu walivyokuwa wepesi wa fimbo. Nilikaa na jambo hilo hadi nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa. Siku moja nimekwenda kumwona, mzee sasa, goti limekataa kabisa kukunjika. Niko chini namkanda kwa maji moto, likanitoka: "Baba, kwa nini ulisema ni wewe? Si ulijua ni mimi?"

Alinishangaa. Kweli alinishangaa, kama nimeuliza kwa nini jua linachomoza. "Nani aliyekwambia ving'ae?" akasema. "Ni mimi. Nikakuonyesha vile vinaoshwa? Sikukuonyesha. Wewe uliosha vile mama yako alikufundisha, tena uliosha vizuri. Sasa makosa ni ya nani?"

Nililia, mtu mzima na watoto wanne. Yeye akaniambia maji yamepoa, niongeze mengine.

Siku hizi Eldoret ni jiji. Goti kama lile wanakubadilishia hospitalini, unatoka unatembea. Juzi mjukuu wangu alivunja kioo cha simu yangu, nikamuuliza, akasema, "Nyanya, sio mimi, imejivunja." Nikawasha redio, wakubwa wetu nao ni hivyo hivyo, barabara imejiharibu, dawa zimejiisha, hakuna hata mmoja aliyegusa kitu. Sisi tulikuwa na baridi, njaa na viboko, na sitaki kudanganya kwamba nazitamani siku zile zote. Lakini nilikuwa na baba aliyepewa nafasi moja ya kuketi katika maisha yake, akaitoa kwa maneno matatu, na akaamini kwa moyo wake wote kwamba alikuwa anasema ukweli.