Padri na Gari la Odeta

Nacheka mwenyewe kabla hamjanicheka. Mjukuu wangu Odeta, mwalimu mjini Gitega, alinipigia simu: "Bibi, nimepata gari! Kwa nje la kawaida, ila magurudumu yote manne yanavuta. Tope halilishindi."

Nikalipenda, gari lisilojivuna. Nikawakataza majirani zangu wa Giheta wasipande basi: harusi ya mpwa wangu kule Muyinga tungekwenda na gari letu.

Siku yenyewe tukafika kwa Odeta na mitungi ya pombe ya ndizi, na padri pia, maana gari lisilobarikiwa mimi sipandi.

"Gari liko wapi, Mama?" padri akaniuliza.

Odeta akawasha televisheni. "Jamani Bibi, ni la mchezo wa video!"

Gari likapanda mlima humo ndani ya televisheni. Basi la Muyinga lilikuwa limeshaondoka.

"Baba," nikasema, "nyunyiza tu maji ya baraka, ila usiloweshe televisheni."