Siku Shule Yetu Iliposhuka

Juzi, nikitoka kazini huku ugenini, Auderghem, miguu imechoka, niliwakuta watoto uwanjani wameinamisha vichwa: timu yao imeshuka daraja. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni Bukavu, udongo ukinuka mvua, fanfare ya shule ikinyamaza ghafla, tarumbeta na ngoma pamoja. Kaka yangu Bahati, golikipa, alimwambia mama polepole, “Bon, maman, shule yetu inashuka.”

Nilikuwa nimeona nyumba za mlimani zikiporomoka. Sikujua kwamba inayoshuka ni timu tu. Nikakimbilia darasani, nikaanza kuburuta dawati la Bahati.

“Uko nafanya nini?” Bahati aliuliza mlangoni.

“Niko naokoa benchi yako mbele shule ianguke.”

Hakucheka. Alivua glavu, akashika upande wa pili, tukalitoa nje. Tulipolikalia, ndipo akalia.