Dirisha la Jirani

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaani wanamwita Cheche. Msidhani ni jina la heshima. Ni kwa sababu ya mashati yake, yote yana matundu ya moto. Nilichoka kuyatia viraka nikamwachia jirani yetu, Mama Cherehani, mjane anayeshona nguo chumbani kwake. Anasomesha binti zake kwa cherehani ile moja tu.

Cheche anatengeneza mageti na nondo za madirisha. Na ulimi anao, usiseme! Mteja akisitasita, anamwambia: "Mwizi naye mfanyabiashara, bosi wangu. Anapiga hesabu. Akiona kwako pagumu, anahamia kwa jirani." Mteja anacheka, anaagiza. Jirani akisikia, usingizi unampaa, naye anakuja kuagiza. Hivyo hivyo mpaka mtaa mzima ukavaa vyuma. Zamani mchana tulikaa barazani tunasengenyana kwa raha zetu, na mgeni akipita tunajua anakwenda kwa nani. Siku hizi kila mtu na kufuli lake, unamsalimu mwenzio kupitia nondo kama umekwenda kumtazama mahabusu. Nilipolalamika, Cheche akaniambia niache maneno, kazi inakwenda.

Dirisha moja tu lilibaki bila nondo, la Mama Cherehani. Si kwamba hakutaka. Walikubaliana yeye ashone ovaroli za kazi, Cheche atengeneze nondo. Ovaroli zikashonwa, zikavaliwa. Na nondo Cheche alizitengeneza, nisimsingizie, tena nzuri, zenye maua. Kosa lake alizitundika nje ya banda zikauke rangi. Akapita mtu mwenye haraka, akazipenda, akaondoka nazo. "Yule ni wetu, atangoja," Cheche akasema. Akatengeneza nyingine, nazo zikaenda. Na nyingine tena. Kila Mama Cherehani akiuliza, jibu ni lile lile, "Kesho, shemeji." Mafundi ndivyo walivyo, mteja mgeni anaogopwa atakimbia, jirani yupo tu.

Juzi mchana Mama Cherehani alikuwa amekwenda kununua vitambaa. Cheche amekuja kula, mimi naosha vyombo. Nikasikia, "Wee! Wee! Iache hiyo!" Nakimbilia sebuleni, namkuta ameng'ang'ania nondo za dirisha letu, na nje jamaa anapita na cherehani begani. Anatembea! Hata kukimbia hakukimbia, jamani. Alimtazama Cheche kule ndani ya vyuma, akaendelea na safari yake. Mlango wetu una makufuli matatu, sifa za fundi hizo. La kwanza likafunguka. La pili, funguo zikamponyoka zikaingia chini ya kochi. Majirani nao nawasikia wanapiga kelele majumbani mwao, kila mmoja anahangaika na funguo zake. Tulipotoka, njia ilikuwa tupu.

Askari alikuja, akazunguka nyumba, akasema bila hata kukasirika, "Mtaa mzima mmeufunga, mkaacha hii moja. Mlitaka aende wapi?"

Cheche alirudi ndani kwenye chakula chake. Mimi ninavyojua kusema, siku ile nilitaka kumpasha mpaka akome, lakini nikamwona anasukuma sahani pembeni.

"Mimi ndiye niliyemwelekeza," akaniambia.

"Hukumtuma wewe."

"Sikumtuma. Nilimfungia milango mingine yote."

Nikaondoa sahani. Alilosema ni kweli.

Jana asubuhi alimaliza nondo nyingine, hakuzitundika popote, akazibeba mbichi mbichi, rangi ikimchafua kifua. Nikamfuata na sanduku la vifaa. Mama Cherehani tulimkuta anashona vifungo kwa mkono. Pembeni kuna furushi la vitambaa vya watu, anavirudishia wenyewe, kila kimoja amekifunga vizuri. Alipotuona akainuka atupishe viti.

"Kaa, shemeji, usihangaike," Cheche akasema. "Nimekuja kusema ukweli. Nondo zako nilishazitengeneza zamani. Nikaziuza. Nikatengeneza tena, nikauza tena. Si chuma kilichokosekana, wala si umeme. Ni mimi. Niliona wewe ni wa nyumbani, hutaniacha."

Nilitamani ardhi ipasuke. Heri Mama Cherehani angetutukana. Alichomeka sindano kwenye kitambaa, akaangalia dirisha lake lililovunjwa, kisha akamtazama Cheche, wala si kwa hasira.

"Fundi mwenzako wa mtaa wa pili alikuja hapa," akasema. "Aliniambia, mama, nikuwekee leo leo, utalipa pole pole. Nikamkatalia. Nikamwambia mimi nina fundi wangu."

Cheche alikaa chini sakafuni, na nondo zake mapajani, akalia.